Kichwa au Kitako

Kwanza tuelewane kuhusu hilo jina. Bi Meno hakuwa na mapengo, wala meno yake hayakumtangulia mlangoni. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake. Ukimletea udongo, alimega kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, akakitia mdomoni na kukisaga taratibu kwa meno ya mbele, macho ameyafumba. Udongo ukikwaruza, alisema, "Una mchanga." Ukiteleza kama siagi, alisema, "Mfinyanzi mtupu." Mashine ya maabara ilichukua siku mbili kufanya kazi hiyo hiyo, ikatoa karatasi, na karatasi ikarudia maneno ya Bi Meno. Enzi za ujana wake kila aliyemkuta akila udongo alimuuliza mimba ina miezi mingapi. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tano, amebakiza miezi mitatu astaafu, na utani huo ulikuwa umejifia wenyewe.

Taasisi ya udongo aliyoifanyia kazi ilikuwa jengo la ghorofa mbili lenye ngazi zilizolika katikati. Chini, mkabala na mapokezi, palikuwa na ukumbi mrefu, na ukutani mabonge tisa ya udongo yamesimamishwa ndani ya fremu za mbao, kila moja urefu wa mkono wa mtu mzima. Watu wengi hudhani udongo ni uchafu wa kukung'uta viatuni. Shauri yao. Udongo wa kale, ule uliofunikwa ungali mzima ukakaa huko chini maelfu ya miaka, una kumbukumbu kumshinda karani yeyote. Ukiuona mwekundu wenye vijiwe vyeupe vya chokaa, ujue ulilala chini ya jua kali, mvua zikija haba na kukauka kabla hazijazama mbali, zikaacha chokaa yake njiani. Ukiuona wa kijivu wenye madoa ya kutu, ujue maji yalituama hapo mpaka udongo ukakosa pumzi, na hayo madoa ndipo mizizi ilipopenyeza hewa kidogo. Nyasi za wakati huo zimeoza zamani, mvua zake hakuna aliyeziona, lakini udongo unakumbuka.

Mabonge hayo yalitoka kwenye uwanda ulio nje kidogo ya mji. Yalipokezana kama zamu za walinzi: jekundu, kijivu, jekundu, kijivu. Bonge la tisa, lililotoka juu kabisa, ndilo lililofunga hesabu. Lilikuwa na rangi mbili, kijivu chini na nyekundu juu. Mkurugenzi alikuwa amelisimamisha hilo bonge miaka thelathini na nne iliyopita, bado kijana mwembamba wa masomo ya juu, akaandika kitabu kizima juu yake. Kitabu kilisema kwamba maji yaliuzoea uwanda ule, kisha yakaondoka, na hayakurudi tena. Kwa kitabu hicho alipata udaktari, alipata kiti cha ngozi, na nyuma ya mgongo wake alipata jina la Bwana Kiangazi.

Sasa uwanda huo ulikuwa umekatwa viwanja mia moja na arobaini. Siku ya Alhamisi Bwana Kiangazi angesaini ripoti mbele ya mhandisi na wenye viwanja, na ripoti ilisema hivi: chini tu ya mchanga wa juu ni udongo mwekundu, mkavu, mgumu, nyumba zijengwe kwa msingi wa nusu mita. Jumatatu mafundi wangeanza kumwaga zege. Kiwanja namba hamsini na mbili kilikuwa cha dada yake Bi Meno, kuzaliwa tumbo moja, fundi cherehani aliyekuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya duka la mtu tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Jumanne asubuhi Bi Meno alipewa kazi ya kulisafisha bonge la tisa ili lipelekwe mkutanoni likaonwe. Lilikuwa limepakwa vanishi siku lilipowekwa, na vanishi ilikuwa imegeuka kahawia kama chai iliyosahauliwa jikoni. Akachukua kitambaa na spiriti, akaanza kufuta kutoka chini kwenda juu. Alipofika katikati, mkono ukasimama.

"Mchoraji!" akaita.

Mchoraji ndiye aliyeandika vibao na kuchora ramani za taasisi, na alikuwa mtani wake wa miaka mingi. Akaja na penseli sikioni.

"Niambie, mti huotaje?"

"Lo! Umeanza kuinywa hiyo spiriti?"

"Nijibu. Mzizi ukianzia kwenye shina ni mnene au mwembamba?"

"Mnene, halafu unakonda ukishuka. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Basi niangalizie hapa."

Mchoraji akainama. Vanishi ilipotoka, ilionekana michirizi ya mizizi ya kale, miviringo yenye ukingo wa kutu, kumi au kumi na mbili. Chini ya bonge ilikuwa minene kama kidole gumba. Kadiri ilivyopanda ikagawanyika, ikakonda, na ilipougusa udongo mwekundu ilikuwa kama uzi.

"Inakonda ikipanda," Mchoraji akasema polepole. "Huu ulikuwa mti gani?"

"Mti wa kawaida tu," Bi Meno akasema. "Ila umesimamishwa kichwa chini miguu juu."

Wakalitoa bonge kwenye fremu, wakalilaza juu ya meza. Upande ule uliokuwa juu, kwenye plasta iliyolifunga bonge tangu shimoni, palikuwa na herufi moja ya kalamu nzito: K. Mkia wa K hiyo ulikuwa umekunjwa kwa madaha, kama wa msichana aliyetoka shule juzi na anayetaka mwandiko wake usifiwe. Bi Meno aliutambua mkia huo mara moja, kwa sababu ulikuwa wake.

Akavuta kiti akaketi. Kila kitu kilimrudia. Wiki yake ya kwanza kazini hakuwa maabara, alikuwa shimoni na genge la wachimbaji, na nyapara wao alikuwa na kawaida yake. Bonge likikatwa, aliamuru liandikwe K upande wa chini. "Binti," alikuwa akimwambia, "mtu hukaa kwa kitako. Bonge nalo likae kwa kitako." K ya kitako. Siku ya tatu akaja karani wa maabara na kanuni zake, akasema K iandikwe upande wa juu, K ya kichwa, na kuanzia hapo mabonge yote yaliandikwa hivyo. Shimo huchimbwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo bonge la kwanza kutoka ndilo lililokuwa la juu kabisa. Namba walikuja kuzipanga baadaye, wakianzia chini. Bonge lililokatwa kwa kanuni ya nyapara lilikuwa moja tu, na ndilo hili la tisa. Nyapara alikuwa ameshafariki. Lile shimo limefunikwa na tuta la barabara. Na yeye, kwa miaka thelathini na nne, alikuwa amewatembeza watoto wa shule mbele ya kosa lake mwenyewe, tena kwa majivuno.

"Ukiligeuza," Mchoraji akanong'ona, "nyekundu inakuwa chini na kijivu juu."

"Ndiyo. Maji hayakuondoka. Yalikuja."

"Mama yangu wee! Na ripoti?"

Bi Meno alikuwa ameshainuka, anafunga vifungo vya koti lake jeupe mpaka cha shingoni.

Bwana Kiangazi alimsikiliza bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtu aliyezoea kuwa sahihi, na mazoea hayo humharibu mtu taratibu. Bi Meno alipomaliza, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kaa kitako," akasema.

Bi Meno akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Hiyo K aliiandika nani?"

"Mimi."

"Kuna mwingine anayejua?"

"Mchoraji. Na udongo wenyewe."

"Mchoraji nitaongea naye." Akaegemea kiti, sauti ikawa ya upole. "Bi mkubwa, umebakiza miezi mitatu. Tunakuandalia sherehe, tunakuandalia cheti. Unataka uondoke hapa ukiitwa aliyeidanganya taasisi miaka yote hii? Nyamaza nikulinde."

"Unanilinda mimi, au unajilinda mwenyewe?"

"Wote wawili. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya upo chini ya miguu ya watu," Bi Meno akasema. "Ule mfinyanzi wa kijivu nimeutafuna mara mia. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Ukiweka juu yake msingi wa nusu mita, mvua ya kwanza inaunyanyua, kiangazi kinaushusha, na mvua ya pili ukuta umechanika kutoka dirishani hadi darini. Na maji hayana pa kwenda, yatalala hapo hapo na watu. Unajua hayo. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Mizizi michache haiwi ushahidi."

"Basi tuchimbe tena. Kesho. Shimo moja tu."

"Kwa kibali gani? Kwa gari gani? Mkutano ni keshokutwa." Akagonga meza kwa kidole. "Kitabu kile kimesomwa na watu wanaojua kazi yao. Wewe ni fundi wa maabara. Fundi mzuri, sikatai. Lakini fundi."

Hapo ndipo alipokosea. Angemwambia ni mzee, angenyamaza. Angemwambia amechoka, labda angekubali. Bi Meno alisimama, akakirudisha kiti mahali pake.

"Fundi ndiye aliyelipindua hilo bonge," akasema. "Na fundi ndiye atakayeligeuza. Kwaheri ya kuonana."

Jumatano hakwenda kazini. Alfajiri alibeba jembe, koleo na mwiko wake wa kazi, akaenda kiwanja namba hamsini na mbili.

Dada yake alikuwa ameshafika, maana siku hizo alikuwa akienda kila siku kukiangalia kiwanja kama mtu anayeangalia maziwa yasichemke yakamwagika. Alikuwa amepima vyumba kwa futi yake ya kushonea na kuvichora chini kwa chokaa: hapa sebule, hapa chumba cha kulala, hapa chumba cha cherehani chenye dirisha kubwa la kuingiza mwanga. Mapazia yalikuwa tayari. Nyumba haijawa na ukuta lakini mapazia yapo, yamepigwa pasi, yamekunjwa sandukuni.

"Mdogo wangu!" akasema kwa furaha. "Umekuja kunisaidia kufyeka?"

"Nimekuja kuchimba, Dada."

"Kuchimba nini?"

Bi Meno akamweleza yote, hakuficha kitu: mizizi, K, nyapara, kitako na kichwa. Alipomaliza, dada yake alikuwa ameikunja futi ile mkononi mpaka imekuwa kijidonge.

"Subiri," akasema. "Unataka kuniambia hawatajenga Jumatatu?"

"Nataka kukuambia wasijenge hivyo."

"Ahaa. Maisha yako yote umekula udongo wa watu, leo umekuja kula na wangu!"

"Dada..."

"Usiniite Dada! Miaka mingapi nimekaa kwenye kile chumba? Nalala na cherehani, mguu wangu uko chini ya meza na kichwa kiko mlangoni! Nimepata kiwanja, kina hati, kina jina langu, halafu wewe, wewe niliyekubeba mgongoni, unakuja na herufi ya alfabeti!"

Maneno yale yalimchoma Bi Meno kweli kweli, na macho yakamlengalenga. Lakini aliinua jembe. Akachagua mahali katikati ya sebule, kwa sababu ndipo palipokuwa wazi, akapiga pigo la kwanza.

Mungu wangu, ilikuwa kazi! Juu palikuwa na mchanga wa manjano uliogandamana, mgumu kama sakafu. Wenye viwanja vya jirani wakasogea. Mmoja akasema, "Jamani, hawa wameanza na choo!" Watu wakacheka. Bi Meno akachimba. Jua likapanda, mgongo ukamwambia mambo ambayo hatuwezi kuyarudia hapa, akachimba. Shimo lilipofika gotini, jembe likabadilisha sauti. Likawa halilii tena, linanasa. Akainama, akamega, akasaga kwa meno.

Siagi.

Akachimba mpaka kiunoni. Kisha akachukua mwiko akaukwangua ukuta wa shimo taratibu, kutoka juu hadi chini, mpaka ukawa safi. Kijivu, chenye madoa ya kutu. Nyufa za zamani zilipita ndani yake, na nyuso zake ziling'aa kama zimepakwa mafuta, pale mfinyanzi ulipokuwa ukivimba na kujisugua wenyewe mwaka baada ya mwaka. Mizizi ilikuwa minene juu, myembamba chini, kama inavyotakiwa na Mola wake. Alipofika kifuani, nyekundu ikatokea, ngumu, yenye vijiwe vyeupe.

"Njoo uone," akamwita dada yake.

Dada yake hakutaka, lakini alikuja, shingo upande. Akasimama ukingoni, mikono kiunoni. Akatazama muda mrefu. Alikuwa mtu wa kukata vitambaa miaka arobaini na macho yake hayakuwa ya kudanganywa.

"Hilo bonge lenu," akasema mwishowe, "mmeliweka kama ile gauni ya bibi harusi."

"Ipi?"

"Ile niliyoikata maua yakaangalia chini. Kitambaa kizuri, mshono mzuri, na kila ua limening'inia kama popo. Hakuna aliyeona mpaka bibi harusi aliposimama mbele ya kioo." Akaikunjua ile futi yake. "Niliifumua yote."

"Nakumbuka."

"Na nyumba yangu?"

"Ijengwe, Dada. Lakini msingi ushuke mpaka kwenye nyekundu, na wachimbe mifereji ya kuyatoa maji kabla ya tofali la kwanza. Wakikataa, wawape viwanja pengine. Huku uwandani maji yamewahi kurudi, tena si mara moja. Sisemi yatarudi kesho. Nasema ardhi hii imeyazoea, na yakija itayakalisha."

"Kwa hiyo si Jumatatu."

"Si Jumatatu."

Dada yake aligeuka akaondoka bila kuaga. Alipita juu ya chokaa ya chumba cha kulala na chumba cha cherehani, hata hakuangalia anakanyaga nini. Bi Meno alibaki shimoni, udongo kwenye meno, akalia kidogo, kisha akajifuta na kupima kina cha shimo kwa mwiko.

Alhamisi ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Wenye viwanja walikuwa wamevaa nguo zao nzuri. Mbele walikaa Bwana Kiangazi na mhandisi wa mradi, mwanamama mfupi mwenye daftari na uso usiocheka ovyo. Bonge la tisa lilikuwa mezani, limesimamishwa, kijivu chini, nyekundu juu. Bwana Kiangazi alikuwa amelirudisha yeye mwenyewe kwenye fremu.

Alizungumza vizuri, huwezi kumnyima hilo. Alieleza jinsi kinamasi kilivyonyauka, jinsi jua lilivyoshinda, jinsi ardhi ile ilivyokauka ikawa imara. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Akachomoa kalamu.

Bi Meno alisimama mstari wa tatu.

"Bonge hilo limesimama vibaya," akasema.

Ukumbi ukageuka. Bwana Kiangazi hakuinua macho.

"Kaa kitako, Bi Meno."

"Leo sikai kitako."

"Nimesema kaa kitako!"

"Miaka thelathini na nne nimekaa kitako, na bonge lenyewe limekaa kichwa," Bi Meno akasema, na sauti yake ikapanda hadi darini. "Mimi ndiye niliyeandika K. Shimoni K ilikuwa kitako, huku ndani ikasomwa kichwa, na hakuna aliyeuliza, nami sikuuliza. Kosa ni langu. Lakini nililiona Jumanne, na mkurugenzi aliliona Jumanne, na leo ni Alhamisi!"

Wakaanza kupiga kelele. Mmoja akasema anatafuta sifa. Mwingine, yule wa choo, akasema, "Anataka kutunyang'anya viwanja huyu!" Mhandisi aliinua mkono.

"Ushahidi?"

"Nitauonyesha."

Bi Meno akaenda mbele, akalishika bonge upande mmoja na kujaribu kuliinua. Lilikuwa zito kama gunia la saruji. Likapanda kidogo, likarudi. Akamtazama Mchoraji. Mchoraji, ambaye jana alikuwa ameitwa ghorofani akaongeleshwa nusu saa, aliangalia viatu vyake. Akajaribu tena. Mikono, iliyotoka malengelenge kwa jembe, iliteleza. Nyuma mtu akacheka.

"Tokeni njiani!"

Watu wakapisha. Dada yake alikuwa akija katikati ya ukumbi na kifuniko cha mbao cha cherehani yake kichwani, kile kirefu chenye mpini, shingo imenyooka kwa uzito. Akakitua mezani, kishindo kikamwaga maji ya Bwana Kiangazi.

"Shikamoo zenu nitawapa baadaye," akasema. "Mdogo wangu, shika huku. Mimi nashika huku. Moja, mbili."

Wakalipindua. Nyekundu ikaja chini, kijivu juu. Kisha dada akakifungua kifuniko chake. Ndani kulikuwa na kipande cha ukuta wa shimo, kimekatwa kwa mistari iliyonyooka kama kola ya shati, kimefungwa kwa pazia. Pazia jipya, lile la chumba cha cherehani. Akakisimamisha kando ya bonge. Kijivu juu, nyekundu chini. Madoa kwa madoa, mizizi minene juu, myembamba chini, upande kwa upande na bonge la tisa kana kwamba vimetoka kwenye kitambaa kimoja.

"Hiki kimetoka sebuleni kwangu," akawaambia watu. "Si vitabuni. Nimekikata jana jioni kwa mkono wangu. Asiyeamini, shimo liko wazi, aende akaangalie. Na aliyecheka kwamba tunachimba choo, aangalie vizuri, maana hata hicho choo chake kitajaa maji."

Mhandisi aliinuka. Akainama juu ya kipande kile, akapitisha kidole kwenye ufa uliong'aa, akasugua kidogo kati ya vidole. Kisha akageuza kichwa ili asome kilichoandikwa kwa chaki ya kushonea kwenye ubao wa kifuniko, upande wa juu. Haikuwa herufi moja. Dada alikuwa ameandika neno zima, kwa herufi kubwa zilizopinda: KICHWA.

"Mkurugenzi," mhandisi akasema, "uliambiwa hili Jumanne?"

Bwana Kiangazi aliangalia bonge. Lilikuwa limesimama mbele yake kwa namna ambayo hajawahi kuliona, na kwa dakika nzima alionekana kama yule kijana mwembamba wa zamani, aliyelisafisha kwa mswaki akiogopa hata kulipumulia. Akafunika kalamu yake.

"Niliambiwa," akasema. Akachukua miwani yake, akapita mlango wa pembeni.

Mhandisi alipiga mstari juu ya ile nusu mita, akaandika kwamba kazi isimame hadi yachimbwe mashimo kumi, na msimamizi wa mashimo hayo awe Bi Meno. Wenye viwanja wengine walitoka wakinung'unika, wengine walikwenda moja kwa moja uwandani kutazama shimo. Hakuna aliyempigia makofi, na yule wa choo alimpita bila salamu. Sherehe ya kustaafu sidhani kama ilifanyika.

Jioni, kabla ya kufunga, Bi Meno, dada yake na Mchoraji walilirudisha bonge ukutani. Mchoraji alishika katikati, bila kuambiwa, na hakuacha kuomba radhi mpaka Bi Meno akamwambia atamtafuna na yeye. Kisha akaleta kibao kipya na kalamu.

"Niandike nini?"

"Andika kwamba lilisimama kichwa chini miguu juu miaka thelathini na nne. Na andika ni nani aliyesababisha."

"Nani?"

"Si mimi? Andika jina langu kamili, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa. Sitaki mtu aje apate taabu kujua."

Mchoraji akaandika. "Halafu?"

"Halafu andika nani aliyeligeuza."

"Wewe pia."

Bi Meno alimtazama dada yake. Alikuwa amechuchumaa sakafuni, anakung'uta udongo kwenye pazia lake jipya, na doa la kijivu halikuwa na dalili ya kutoka.

"Andika mimi na dada yangu," akasema. "Na usiandike K. Andika majina mazima."